Paja Likivunjika: Lini Tupasue, Lini Tungoje

(Hotuba iliyotolewa na daktari mpasuaji wa mifupa, mwanafunzi wa zamani wa shule yetu, mbele ya mkutano wa mwaka wa wahitimu na wanafunzi.)



Kamati iliponiandikia kunialika, ilinitaka nichague habari ya kazi yangu itakayowafaa wote. Sharti hilo ni gumu. Kazi yangu ni mifupa, na mwenye mifupa mizima hana hamu ya kumsikiliza mtu wa mifupa. Lakini nimeitazama barabara inayopita mbele ya lango letu. Zamani sisi tulikuwa tukisikia gari likija tunatoka darasani kulitazama. Siku hizi bodaboda hazihesabiki, na juu ya kila moja wapo watu wawili, mara nyingi watatu. Kwa hiyo nimeona nizungumze juu ya mfupa wa paja, na hasa juu ya swali moja lililowagawa wapasuaji kwa miaka mingi: mtu akivunjika paja, apasuliwe lini? Leo hii, kesho, au baada ya wiki mbili?

Msidhani swali hilo ni la madaktari peke yao. Huamuliwa pia na yule anayempakia majeruhi garini, na shangazi anayesema asiguswe kwanza, na ndugu anayeombwa kutoa damu akasema atarudi kesho.

Mfupa wa paja ndio mrefu na wenye nguvu kuliko yote mwilini. Hauvunjiki kwa kujikwaa, ila kwa mzee ambaye mifupa yake imekwisha kuwa dhaifu. Kijana mwenye afya hawezi kuvunjika paja mpaka apigwe na jambo zito: gari, pikipiki, kuanguka kutoka juu ya mnazi au mwembe, ukuta kumwangukia. Kwa hiyo ukiona paja limevunjika, jua kwamba nguvu iliyolivunja huenda haikuishia hapo. Kitazame kifua, tumbo na kichwa pia. Na ndani ya paja lenyewe damu hujikusanya pasipo kuonekana. Lita moja hadi moja na nusu yaweza kumwagikia humo, katikati ya nyama, na mtu mzima ana lita tano hivi tu. Watu husema, "Hakutoka damu hata kidogo," huku mgonjwa mwenyewe amekwisha geuka baridi mikononi mwao.

Lakini leo sikuja kwa ajili ya damu, nimekuja kwa ajili ya mafuta.

Kila aliyekula supu ya mifupa anaujua uboho. Unaugonga mfupa juu ya sahani, unautikisa, kinatoka kitu laini chenye mafuta. Basi nasi tunao. Katika mtu mzima, uboho uliomo ndani ya mifupa mirefu sehemu yake kubwa ni mafuta. Mfupa ukivunjika, mafuta hayo hugawanyika matone madogo madogo. Sasa sikilizeni vijana mnaosoma baiolojia: mishipa midogo ya vena iliyomo ndani ya mfupa imeshikamana na kuta za mfupa. Vena ya kwingineko ikikatika hunywea ikajifunga. Hii ya mfupani hubaki imeachama. Damu inayovuja ndani ya paja ikizidi kusukuma, matone yale huingia katika midomo hiyo iliyo wazi, yakasafiri na damu mpaka moyoni upande wa kulia, na moyo ukayasukuma mapafuni. Mapafu ni kama chujio la tui. Matone hukwama katika vimishipa vyembamba kuliko unywele. Mengine hupenya yakafika ubongoni, machoni na katika ngozi. Na wapo watu, kiasi cha mmoja katika kila wanne, wenye kitundu kidogo kati ya vyumba vya juu vya moyo ambacho hakikuziba baada ya kuzaliwa, na hapo mafuta hupata njia ya mkato.

Kukwama peke yake si mwisho wa shari. Mwili huanza kuyavunjavunja mafuta hayo, na asidi zinazotokana nayo huunguza kuta nyembamba za mapafu. Maji huvuja, na pale palipokuwa na hewa pakawa na maji. Yote hayo huchukua muda, na ndiyo sababu ugonjwa hauonekani siku ileile. Aghalabu hujitokeza kati ya saa 24 na saa 72 baada ya kuvunjika.

Tuseme kijana ameumia Ijumaa jioni. Jumamosi anaongea vizuri, anataka chai, anawauliza wenzake mpira umekwendaje. Jumapili asubuhi anapumua mbio mbio, ana homa, na maneno yake hayaeleweki. Anamwita mtu aliyekufa zamani, anataka kuinuka kitandani. Ndugu wanasema malaria imepanda kichwani, na wengine wanasema mengine ambayo sitayarudia mbele ya Mwalimu Mkuu. Vitabu vinatuambia tutafute vidoa vidogo vyekundu kifuani na makwapani. Vitabu hivyo viliandikwa na watu waliozoea ngozi nyeupe. Kwa wagonjwa wetu, kunja kope ya chini ya jicho utazame ndani yake, kisha mwambie afungue kinywa utazame kaakaa. Na hata usipoviona, usijipe moyo, maana wagonjwa wengi wa maradhi haya hawavioti kabisa. Kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kitakuambia mapema zaidi.

Mafuta kupita mapafuni ni jambo linalowapata karibu wote waliovunjika mifupa mirefu. Kuugua kwa sababu hiyo ni kwa wachache. Aliyevunjika mfupa mmoja mrefu, tuseme katika kila watu 100 wataugua mmoja hadi watatu. Aliyevunjika mapaja yote mawili, au paja na mundi, hatari yake ni kubwa zaidi mara nyingi. Watoto wadogo hawapatwi sana, kwa kuwa uboho wao bado una mafuta machache. Wanaopatwa hasa ni vijana na watu wazima walio katika nguvu zao, yaani haohao wanaoendesha pikipiki na wanaopakiwa nyuma.

Dawa yake mahususi haipo. Watu walijaribu kuwatilia wagonjwa pombe katika mishipa, wakajaribu heparini, wakajaribu dawa za jamii ya kotizoni. Hakuna hata moja iliyokubalika kuwa ndiyo tiba. Tunampa mgonjwa oksijeni, tukishindwa tunamweka kwenye mashine ya kupumulia, tunalinda damu na maji yake, na tunangoja mapafu yajitengeneze. Wengi hupona. Lakini ugonjwa usio na dawa, akili yote lazima iende katika kuuzuia, na hapo ndipo swali letu la lini linapopata uzito.

Habari yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1862 daktari Mjerumani, Zenker, aliona mafuta katika mapafu ya mfanyakazi wa reli aliyekufa kwa kupondwa. Mwaka 1873 von Bergmann akautambua ugonjwa huo kwa mgonjwa aliye hai, mtu aliyevunjika paja. Lakini siku hizo paja lililovunjika lilikuwa na njia nyingine nyingi za kuua. Katika Vita Kuu ya Kwanza, taarifa zinasema askari waliopigwa risasi wakavunjika paja walikufa kiasi cha 80 katika kila 100. Kilichobadilisha hesabu hiyo hakikuwa dawa. Kilikuwa chuma kilichopindwa chenye pete ya kuvaa pajani, kilichobuniwa na Hugh Owen Thomas wa Liverpool aliyekuwa amekwisha kufa tangu 1891, na kilichopelekwa vitani na mpwa wake, Robert Jones. Waliagizwa wakifunge mguuni kabla ya kumsafirisha majeruhi. Inaelezwa kwamba waliokufa walishuka mpaka chini ya 20 katika kila 100. Nitarudi kwenye hilo banzi la Thomas, maana liko hata katika hospitali zetu, mara nyingi juu ya kabati.

Kisha akaja Gerhard Küntscher wa Kiel. Mwaka 1939 alimpigilia mgonjwa msumari mrefu wa chuma ndani ya uwazi wa mfupa wa paja, kutoka juu mpaka karibu na goti, na mwaka 1940 akawaeleza wapasuaji wenzake mjini Berlin. Wengi walimshangaa, wengine wakamcheka. Baada ya vita, mateka wa Uingereza na Marekani walirudi makwao wakitembea, na madaktari wao walipopiga eksirei waliona chuma ndani ya mfupa wasielewe ni kitu gani.

Sasa basi, msumari unapoingia, au mfupa unapopekechwa ndani ili msumari upite, uboho husukumwa kama dawa ya meno inavyosukumwa katika tyubu. Mafuta mengine huingia katika damu. Wapasuaji walilijua hilo, wakaogopa. Zaidi ya hayo walikuwa wamewaona watu walioumia vibaya wakifia mezani chini ya nusukaputi. Ikawa ndiyo desturi ya miaka ya 1950 na 1960, hata baadaye: mgonjwa huyu hana nguvu za kupasuliwa, mvute mguu kwa uzito, mlaze chali, ngoja siku 10 au 14 mpaka hatari ya mafuta ipite, kisha pasua. Na waliopasuliwa baada ya wiki mbili walikuwa wakipona vizuri sana. Ushahidi gani zaidi mtu atautaka?

Vijana, hapa fungueni masikio. Tuseme shule ina wanafunzi 100 katika Kidato cha Kwanza, 40 wanaacha masomo njiani, 60 waliobaki wanafanya mtihani na wote wanafaulu. Mkuu wa shule akisema shule yangu inafaulisha wote, mtamwambiaje? Ndivyo ilivyokuwa. Waliofika siku ya 14 walikuwa wale waliookoka. Walioshindwa walikwisha kufa wodini siku ya tatu, au siku ya saba kwa nimonia, au siku ya kumi kwa bonge la damu lililotoka mguuni, na vifo vyao havikuandikwa katika daftari la upasuaji kwa kuwa hawakupasuliwa. Upasuaji ulionekana ndio wenye hatari, na kitanda kikaonekana hakina makosa.

Tangu miaka ya 1970 wapo waliolitilia shaka jambo hilo, hasa huko Ulaya. Wapasuaji wa Helsinki, kwa mfano, waliandika kwamba mifupa ikitengenezwa mapema ugonjwa wa mafuta hupungua badala ya kuongezeka. Uchunguzi ulioinamisha mizani ulitoka Dallas, Texas, mwaka 1989. Bone na wenzake waliwagawa wagonjwa 178 wa paja: wengine walipasuliwa ndani ya saa 24, wengine baada ya saa 48. Kwa wale walioumia mahali pengi, waliocheleweshwa walipata zaidi maradhi ya mapafu, nimonia na ugonjwa wa mafuta, wakakaa zaidi katika chumba cha wagonjwa mahututi, na wakachelewa kwenda nyumbani.

Sababu yake ukiifikiri haina uchawi. Mfupa uliovunjika na kuachwa ni kinu kinachoendelea kutwanga. Kila mgonjwa akigeuzwa, kila akiinuliwa kuwekewa chombo cha haja, ncha zile husagana, damu huvuja tena, na mafuta mengine huingia. Mgonjwa hana usingizi kwa maumivu, anakaa chali, havuti pumzi kwa kina. Ukiushika mfupa usicheze, kinu kinasimama, na mtu anaweza kukaa kitako akakohoa. Msumari husukuma mafuta mara moja. Kitanda husukuma kidogo kidogo, mchana na usiku.

Hapo ikawa kila mahali ni mapema, mapema. Nasi wapasuaji tuna tabia ya kupenda sheria fupi. Mwaka 1993 Pape na wenzake wa Hannover wakaonya kwamba wapo wagonjwa wasioiweza mapema hiyo: wale ambao mapafu yao yamepondeka tayari. Ukiyaongezea mafuta ya msumari siku ya kwanza, unayapiga pigo la pili kabla hayajapumua kutoka lile la kwanza. Kwa watu hao ikapatikana njia ya katikati, iliyoelezwa vizuri kutoka Baltimore mwaka 2000: pigilia vyuma viwili vitatu juu ya pale palipovunjika na chini yake, viunganishe kwa fimbo iliyo nje ya ngozi, kazi isiyochukua muda mrefu, isiyogusa uboho kwa kiasi hicho. Mfupa umetulia. Mgonjwa arudi wodini apewe damu, apate joto, mapafu yasafike. Msumari utawekwa baada ya siku tano hadi kumi hivi, lakini usicheleweshwe mno, maana vyuma vya nje navyo hukaribisha vijidudu.

Basi jibu la leo, kwa wengi waliovunjika paja, ni ndani ya saa 24, mradi mgonjwa ameongezewa damu na maji ya kutosha, amepata joto, na anapumua vizuri. Neno lenye uzito hapo ni mradi. Wapasuaji wa Cleveland waliliwekea vipimo vya maabara mwaka 2013: wakasema laktiki asidi ya damu ikishuka chini ya 4, na uchungu wa damu ukirekebishika, mgonjwa huyo anaweza kupasuliwa ndani ya saa 36. Asiyetimiza, angoje, lakini angoje huku anatibiwa.

Sasa nije kwetu, maana nisipokuja kwetu nitakuwa nimesimulia habari za Texas tu.

Kusubiri kuko kwa namna mbili, na ubaya wake ni kwamba katika faili zote mbili huandikwa neno moja: "anasubiri." Yuko anayesubiri kwa kuwa mwili wake haujawa tayari, na daktari anamtazama kila saa. Na yuko anayesubiri kwa kuwa msumari haujanunuliwa, damu haijapatikana, chumba cha upasuaji ni kimoja na kuna mama wa kuzaa kwa upasuaji amekuja, au ndugu hawajakubaliana nani alipe. Mwili wake ulikuwa tayari tangu jana. Huyu wa pili ndiye mgonjwa wa kawaida katika nchi zetu. Anavutwa mguu kwa uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, siku, wiki, na katika hospitali nyingi ndiyo tiba yenyewe mpaka mfupa uunge, wiki sita mpaka 12 hivi. Mimi siudharau mvuto huo. Umewarudisha shambani watu wengi, na mahali pasipo vifaa safi ni bora kuliko upasuaji wa uchafu. Lakini tusiuite uangalifu, kama kwamba tumeuchagua.

Yapo mambo yaliyopunguza dhiki hiyo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ilianzishwa mwaka 1996. Mwaka 1999 mpasuaji Mmarekani, Lewis Zirkle, alianzisha huko Richland, jimbo la Washington, shirika la SIGN, linalozipatia hospitali za nchi maskini misumari ambayo mpasuaji aweza kuiweka na kuifunga kwa skrubu pasipo ile mashine ya eksirei inayoonyesha picha wakati wa kupasua. Hapa Tanzania na Kenya misumari hiyo imetumika kwa maelfu ya wagonjwa. Kikwazo basi mara nyingi si ufundi. Nimekwisha kumwona mpasuaji yuko, msumari uko, mgonjwa yuko tayari, na kilichokosekana ni chupa mbili za damu, huku nje ya wodi wamekaa ndugu 11 wenye afya. Leo mchana gari la kukusanya damu litakuwa pale karibu na bwalo. Wenzangu wenye vitambi, mtangulie.

Kiranja mmoja ameniuliza asubuhi: wao wakiwa barabarani, mbali na hospitali, wafanye nini? Swali hilo ni zuri kuliko hotuba yangu. Kama damu inatoka nje, bana palepale kwa kitambaa safi, usiachie. Kisha usimpakie mtu huyo bodaboda akiwa kati ya watu wawili kama gunia, mguu unaning'inia. Huko ni kukitwanga kile kinu nilichokisema kwa kilometa 20. Tafuteni gari alazwe. Kabla ya kumwinua, nyoosheni mguu polepole, wekeni kanga au shuka iliyokunjwa katikati ya mapaja, mfunge mguu ulioumia pamoja na mzima, miguuni, chini ya goti, juu ya goti na nyongani; msifunge juu ya pale palipovunjika. Mkipata ubao mrefu utokao kwapani mpaka kisiginoni, ndiyo bora zaidi. Hilo ndilo lile banzi la Thomas kwa njia ya maskini. Asikandwe. Mzee wa kuunga mifupa ni mtu wa heshima zake, na mkono uliovunjika ameuunga mara nyingi, lakini paja bichi likikandwa hutoa damu na mafuta. Asipewe chai wala uji, maana huenda akaingia chumba cha upasuaji usiku huohuo. Na saa aliyoumia iandikeni kwenye karatasi mumfungie shatini, kwa sababu sisi tunaompokea tunahesabu kutoka hapo, na mara nyingi hakuna anayeijua.

Mwingine ameuliza kama msumari hutolewa mfupa ukishaunga. Kwa wengi hauna haja ya kutolewa, atazeeka nao. Na la mwisho nililoandikiwa hapa ni kama mtu mwenye msumari anaweza kucheza mpira tena. Anaweza, mfupa ukishaonekana katika eksirei kuwa umeunga sawasawa, na hilo ni suala la miezi. Nawaona wapishi wanatuashiria, Ndugu Mwenyekiti, na naona gari la damu limekwisha ingia.